Tulivyompeleka Mama Naliaka Mlimani

Kwanza kabisa, toeni vidole gumba ndani ya usukani. Najua mnavyoshika, nimewaona pale Ukunda mkitoka gereji, gumba limeukumbatia usukani kama mtu aliyeshika mpini wa jembe. Kwenye lami haina neno. Lakini mlimani, gurudumu la mbele likigonga jiwe vibaya, usukani huzunguka wenyewe kwa nguvu ambazo hamjapata kuziona, na gumba lililo ndani huenda nao. Langu la kulia limevunjika mara mbili. Mara ya pili daktari aliniuliza kama mimi ni mpiga ndondi, nikamwambia hapana, mimi ni mbishi tu.

Naitwa Hamisi, mtu wa Waa. Niliendesha magari ya hoteli moja huku Msambweni mpaka nikastaafu, na miaka ya mwisho kazi yangu kubwa ilikuwa kupandisha wageni kwenye ule mlima wa mawe ulio ng'ambo ya Kikoneni. Njia yenyewe ilichongwa zamani na watafuta madini, wakaondoka, wakaiacha. Kila mvua ikinyesha inabadilika. Nyinyi mnaopokea funguo sasa mmeniomba niwaeleze njia hiyo, nami nimekataa kuwachorea ramani, kwa sababu ramani ya mwaka huu itawadanganya mwakani. Nitawaeleza makosa yangu, hayo hayabadiliki.

Mimi nilitoka mchangani. Nilijifunza gari kule Jego, nikibeba samaki kwenye pikapu ya Mzee Rashidi, Mungu amrehemu, kutoka ufukweni hadi barabara kubwa. Mzee Rashidi alikuwa na somo moja tu, na alilifundisha kwa kupiga paa la gari kwa kiganja: mchangani usisimame. Punguza upepo wa tairi mpaka lilale, ingia na mwendo, usikate kona ghafla, na ukihisi gari linazama, kanyaga mafuta. Nikisitasita, kiganja kilitua paani, pa! Mguu wangu wa kulia ulifundishwa hivyo mpaka ukawa na akili zake wenyewe. Baadaye nilikuja kuamini kwamba hakuna dereva pwani nzima anayenishinda, na nilikuwa nikilisema hilo hadharani bila aibu.

Kwa hiyo hoteli ilipoanzisha safari za mlimani, nani mwingine angepewa? Nilijipiga kifua nikachukua wageni sita siku ya kwanza. Pale chini ya mlima nikashuka, nikapunguza upepo kwenye matairi yote manne mpaka yakalala kama ya mchangani, wageni wakanipiga picha. Nikaingia kwenye mawe na mwendo. Mita mia hazikufika. Tairi la mbele lilichomoka kwenye rimu, gari likaruka, likatua juu ya jiwe, na sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ikapasuka. Oili yote ikamwagika chini huku nikiitazama. Mzee mmoja wa Kijerumani aliyekuwa kiti cha nyuma, meno yake ya bandia yalimruka mdomoni. Tuliyatafuta meno hayo vichakani kwa muda mrefu kabla ya kuanza kutembea kwa miguu hadi Kikoneni, na alipoyapata aliyasuta kwa maneno ambayo nashukuru sikuyaelewa.

Aliyekuja kutuvuta alikuwa Mwero. Mwero alikuwa amevunja mawe machimboni nusu ya maisha yake kabla hoteli haijamwajiri, mtu mwembamba, hana haraka, hana maneno mengi. Aliuzunguka mzoga wa gari langu, akabonyeza tairi kwa kidole, akaniuliza, "Wewe Hamisi, ulikuwa unaenda mlimani au unaenda kuvua?"

Nilikuwa na hasira naye kwa wiki nzima, na hasira hiyo ilikuwa aibu tu, sasa naweza kusema. Wiki iliyofuata nilimfuata kwake nikamwomba anifundishe.

Alinifundisha kwa kunilaza chini. Ndiyo, kifudifudi, kando ya njia, shavu kwenye vumbi, huku yeye akiendesha gari polepole kupita juu ya mawe ili nione tumbo la gari linapita wapi. Fanyeni hivyo, wanangu. Dereva mgeni akiliona jiwe katikati ya njia hulipa mwanya, hulipitisha katikati ya magurudumu ili asiumize tairi. Hapo ndipo difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli, linapogonga. Tairi ndilo lililoumbiwa kukanyaga jiwe. Lipandishe juu ya jiwe, taratibu, gia ya kwanza, kwenye zile gia za uzito za kupandia mlima, na uiache injini ivute yenyewe. Upepo punguza kidogo tu, tairi lishike lisilale. Na njia uitembee kwa miguu kabla hujaiendesha, hata kama uliipita juzi.

La mwisho alilonifundisha lilinichukua muda mrefu kuliko yote. Kwenye jiwe kubwa, dereva haoni kitu. Boneti limefunika kila kitu mbele. Anayeona ni yule aliyesimama nje, mbele ya gari, anayekuongoza kwa mkono. Kiganja wazi, njoo. Kidole kushoto, kata kushoto. Ngumi, simama, na simama maana yake simama hapo hapo, hata kama gari limeinama na watu wanapiga kelele. Anayetoa mkono ni mmoja tu. Ukisikiliza wawili, umeua mtu. Mguu wangu uliofundishwa na Mzee Rashidi ulikuwa ukiiona ngumi unataka kukanyaga mafuta. Tuligombana mimi na mguu huo miezi mingi.

Sasa niwaeleze siku ya Mama Naliaka, kwa sababu siku hiyo ndiyo iliyonifanya nijue kama nilikuwa nimejifunza au la.

Mama Naliaka alikuwa mkuu wa dobi la hoteli. Alitoka kwao Bungoma akiwa msichana, akafua mashuka na taulo za watu miaka ishirini na miwili. Mimi na yeye tulikuwa maadui wa kila Jumamosi. Wageni wangu walipanda mlima Ijumaa, wakarudi na taulo zimejaa ule udongo mwekundu usiotoka, na Jumamosi asubuhi nasikia sauti yake kutoka dobini, ikiniita kwa jina la mwanangu: "Baba Saumu! Jana mmefuta nini na taulo zangu, ng'ombe?" Nikipita karibu na mlango wake nilikuwa nainama chini ya dirisha. Dereva mzima, mwenye mjukuu.

Alipokaribia kuondoka kazini, meneja alimwuliza anataka aagwe vipi. Wengine huomba sanduku, au saa ya ukutani. Yeye alisema anataka kupelekwa juu ya mlima huo ambao ameufua miaka yote na hajawahi kuuona. Watu walicheka, yeye hakucheka. Magoti yake yalikuwa yameharibika kwa kusimama kwenye saruji yenye maji; ngazi za kantini alizishuka ubavuubavu kama kaa. Kutembea kutoka chini ya mlima kusingewezekana. Basi lake la kwenda Bungoma lilikuwa Jumatatu, na hakuwa na mpango wa kurudi pwani tena. Ilibaki Jumapili moja.

Nilimwambia mbele ya watu, "Mama Naliaka, nitakufikisha juu, wallahi." Nilikula kiapo, mnasikia? Kiapo hicho kilinikaa kifuani.

Tulienda na magari mawili, watu kumi na watatu, wote wafanyakazi wa hoteli. Kuku wa kukaanga, chapati, birika mbili za chai. Gari la kwanza langu, lile kuukuu la kijani, Mama Naliaka amekaa mbele kushoto kwangu amevaa kofia ya kanisani. La pili la Omondi, dereva mwenzangu kutoka bara, gari jipya analolisifu kuliko wanawe. Mwero alikaa nyuma yangu na fimbo yake.

Nyumba ya mwisho kabla ya mlima ni ya Bibi Mwanajuma, mwenye mbuzi. Hapo mimi husimama kila safari. Msipite kwake bila kusimama, na si kwa adabu tu. Huyo ndiye anayejua njia imelalaje.

"Hodi hapa. Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Leo huna wazungu?"

"Leo nimewaleta wetu wenyewe, bibi. Habari za huko juu?"

"Juu si kuzuri. Juzi imepita mvua, si ya mchezo. Pale karibu na kilele maji yamekula udongo wote, limebaki jiwe tupu. Hata mbuzi wangu wanajifikiria."

Nilimshukuru, nikarudi garini. Mama Naliaka aliniuliza bibi amesemaje, nami nikamwambia amesema karibuni. Mwero alinitazama kwenye kioo.

Tulipunguza upepo kidogo, tukatia gia za uzito, tukaanza. Mama Naliaka alishika mshikio kwa mikono miwili. Kwenye mwinuko wa kwanza wa mawe nikasema "Bismillahi," naye akaanza "Ee Bwana Yesu," tukatazamana.

"Wewe soma zako, na mimi nisome zangu," akasema. "Mmoja wetu atasikika."

Nusu ya njia, Omondi alichoka kunifuata mwendo wa konokono. Alitaka kuruka kijito kikavu kwa mwendo, kama anavyofanya kwenye ile video yake anayoionyesha kila mtu. Jiwe lenye ncha likamchana tairi ubavuni, akatoa tusi moja kubwa. Ubavu wa tairi haushoneki, lile limekufa. Alibadilisha, lakini hakuwa na la pili la akiba, kwa hiyo tuliliacha gari lake hapo kivulini. Watu wake wakaanza kutembea kando ya langu, na Omondi mwenyewe akaja dirishani kwangu, kazi yake mpya ikawa kunishauri.

"Mzee, gari yako iko na nguvu, wewe kanyaga tu!"

"Omondi, nyamaza."

"Nasema tu, mzee."

Kuna jiwe tunaloliita Jino. Limetoka katikati ya njia, na upande wa kushoto ni bonde. Mwero alishuka, akasimama mbele. Kiganja wazi. Nikapandisha gurudumu la kulia juu ya Jino, sentimita kwa sentimita, na hapo gurudumu la nyuma likateleza kwenye changarawe. Gari likalala kushoto, upande aliokaa Mama Naliaka. Dirishani mwake kulikuwa na hewa tupu na vilele vya miti. Mwero akafunga ngumi.

Omondi nyuma akapiga yowe, "Kanyaga! Kanyaga, itaenda!" Na mguu wangu, wanangu, ulimsikia. Nilihisi paja likikaza. Ule mguu wa Jego ulijua kabisa kwamba gari likizama unakanyaga. Niliuma meno, nikakanyaga breki na kuvuta ya mkono, nikatulia. Jasho lilinitoka hadi kwenye soksi. Ningekanyaga mafuta, changarawe ile ingetutema bondeni, na Jumatatu basi la Bungoma lingebeba jeneza.

"Tumekwama?" Mama Naliaka akauliza kwa sauti ndogo.

"Tumesimama," nikamwambia. "Kukwama ni kitu kingine."

Mwero alimwamuru kila mtu alete mawe. Wapishi, wahudumu wa mezani, mlinzi wa geti, Omondi mwenyewe, wote wakaenda kuokota. Si jiwe lolote. Mwero alikuwa anayageuza mkononi na kuyakataa kama mwanamke anayechagua nyanya. Alitaka bapa, yasiyovingirika. Akayapanga chini ya gurudumu la nyuma, akayagonga kwa nyundo yakakaa kama ukuta. Walijenga kwa muda mrefu, jua likatufika utosini. Mimi sikuweza kutoka, mguu wangu ulikuwa kwenye breki hadi ukafa ganzi. Mama Naliaka alinipa maji mdomoni kama mtoto. Nilimwomba msamaha kwa kumtia hofu, akanijibu kwamba amewahi kupanda teksi za Ukunda.

Kiganja wazi. Gia ya kwanza. Gari likajiinua, likapita Jino. Watu wakashangilia, Omondi akapiga makofi kwa nguvu kuliko wote, na mimi nikafanya kosa la kufikiri kazi imekwisha.

Kwa sababu Bibi Mwanajuma hakuwa amekosea. Karibu na kilele, kama hatua arobaini hivi kutoka juu kabisa, njia ilikuwa imekatika. Udongo wote umekwenda, limebaki jiwe moja limesimama kama jukwaa, limefika kiunoni mwa mtu. Nililitazama, na nilijua. Dereva hujua. Lakini nilikuwa nimekula kiapo mbele ya watu, na tulikuwa tumetoa jasho pale Jino, na hatua arobaini ni kitu gani?

Tukapanga mawe. Nikajaribu, matairi yakazungukia hewani. Tukaongeza mawe. Nikajaribu tena, gari likapanda magurudumu ya mbele, likasimama wima kidogo, likarudi chini kwa kishindo. Klachi ikaanza kunuka. Kila anayeendesha anaijua harufu ile, na kila anayeijua hujifanya haijui.

"Mara moja tu, Mwero," nikasema. "Nipe mkono."

Mwero alitia mikono mfukoni.

"Mwero!"

"Sina mkono wa kukupa, Hamisi. Unataka kuharibu gari, na ukiharibu gari hapa, huyu mama atashuka vipi?"

"Nimemwapia."

"Najua umemwapia."

Nilitia gia. Bila mkono wa Mwero, peke yangu, niliapa nitalipandisha gari hilo kwa meno. Hayo ndiyo yaliyokuwa moyoni mwangu, siwafichi. Sikuwa namfikiria tena Mama Naliaka. Nilikuwa nafikiria watakavyosema kantini Jumatatu.

Gari likazimika. Nilidhani nimeliua, kumbe Mama Naliaka alikuwa amenyoosha mkono akazungusha ufunguo. Gari lile la zamani ufunguo wake uko katikati ya dashibodi. Akauchomoa, akautumbukiza kifuani, ndani ya gauni lake la kanisani, mahali ambapo mimi, mtu mwenye heshima zangu, nisingeweza kuufuata.

"Nifungulie mlango," akasema.

"Mama Naliaka, nilikuahidi..."

"Nimesikia ulichoniahidi. Mlango."

Nilizunguka nikamfungulia. Omondi akaja mbio na mlinzi wa geti, wakasema watambeba, wawili huku, wawili kule, hatua arobaini si kitu. Akawatazama kwa macho yale ya Jumamosi.

"Mkinibeba, nimefika mimi au mmefika nyinyi?"

Aliliendea lile jiwe, akaligeuzia mgongo, akaketi juu yake kama mtu anayepanda kitanda kirefu. Akainua mguu wa kwanza kwa mikono yake miwili, akauweka juu. Akapumzika. Akainua wa pili. Halafu akajigeuza, akasimama, na akaanza kwenda, ubavuubavu, hatua, anasimama, hatua, anasimama. Mwero alimpa fimbo, hiyo aliipokea. Hatua arobaini zilimchukua kama nusu saa, na sisi tulisimama chini watu kumi na wawili, hakuna aliyekaa, hakuna aliyefungua chakula. Mara moja aliteleza akapiga goti, na sote tukavuta pumzi kwa pamoja, naye akainua ngumi nyuma bila kugeuka, kutuambia tusisogee. Nilisimama kando ya gari langu lililozimwa na mikono yangu haikuwa na la kufanya. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kusimama pale.

Kisha akapita jiwe la mwisho, hatukumwona tena.

Tulingoja. Omondi alianza kusema kitu, Mwero akamshika bega. Niliogopa, nasema kweli. Nilifikiri ameanguka, au anaumwa, au analia na hataki tusikie. Nilikuwa nimeshapiga hatua moja ndipo sauti yake ilipotufikia kutoka juu, ile ile ya dobini.

"Baba Saumu! Funguo zako huzitaki?"

Nikapanda kwa miguu. Nimefika kileleni mara nyingi kuliko mtu yeyote wa hoteli ile, na kila mara nilifika nimekaa. Siku hiyo nilifika nahema, suruali imechanika gotini, gumba bovu linaniuma. Alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha mbele, kofia ya kanisani mapajani. Nilinyoosha mkono kupokea funguo. Akapapasa ardhi kando yake, na hakunipa mpaka nilipoketi.